Sosi ya soja ikiingia kwenye sufuria, chumvi na cube vitoke



Katika alimentation za miji yetu, ile chupa ndogo yenye maji meusi si kitu kigeni tena. Tunaiita sosi ya soja. Wengine wanaitia kwenye mchele, wengine kwenye kuku, wengine kwenye makaroni ya watoto. Na sasa kuna chupa zenye maandishi ya ziada: "sans gluten", na "teneur réduite en sel". Bei yake nayo inapanda kuliko ile ya kawaida. Katika vikundi vyetu maulizo yanarudi yale yale. Maneno hayo yana maana gani? Chupa hiyo inafaa kwa mtu wa tension? Inafaa kwa mtoto? Pesa inayoongezwa, inaleta faida gani nyumbani?

Jibu letu tunaliweka hapa mwanzoni, ili hata mwenye haraka aondoke nalo: chupa haiwezi kupunguza chumvi peke yake. Ni mkono wa mama unaopika ndio unaopunguza. Sosi yenye chumvi kidogo inasaidia ikichukua nafasi ya chumvi na ya cube. Ikiongezwa juu yao, tumelipa pesa nyingi ili tuongeze chumvi.

Kwa nini tunajali chumvi

Tension ni ugonjwa wa kimya. Mtu anaweza kuwa nayo miaka mingi, akilima, akichuuza, akibeba mizigo, bila kusikia maumivu yoyote. Siku inapojionyesha, mara nyingi inajionyesha kwa kupooza upande mmoja, kwa moyo kuchoka au kwa figo kuharibika. Na nyumba ambayo mama au baba amepooza, sisi wote tunajua inavyoishi: kazi inasimama, watoto wakubwa wanakatishwa shule, akiba ya kikundi inaisha kwa dawa.

Chumvi nyingi si chanzo pekee cha tension, lakini ni moja ya vyanzo tunavyoweza kuvishika kwa mikono yetu wenyewe. OMS, shirika la afya la dunia, linashauri mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Hiyo ni kama kijiko kidogo kimoja cha chai kilichosawazishwa, na ndani yake tunahesabu kila kitu: chumvi ya bugali la leo, ya sombe, ya mkate wa asubuhi, ya samaki, ya cube. Duniani kote watu wanakula kwa wastani karibu gramu 11, yaani mara mbili ya kipimo hicho.

Mama mwenye dawa za tension asiziache kwa sababu amebadilisha upishi. Chakula na dawa vinatembea pamoja. Na mama mwenye mimba asijitungie sheria zake juu ya chumvi: ahudhurie kipimo cha mimba, apimwe tension kila mara, na kama miguu na uso vinavimba au kichwa kinauma sana, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Ndani ya chupa kuna nini

Sosi ya soja ilianza huko Uchina, ikaenea Japani na nchi za jirani. Inayotengenezwa kwa njia ya zamani ina vitu vinne: soja, ngano, chumvi na maji. Soja inapikwa kwa mvuke, ngano inakaangwa na kuvunjwavunjwa, halafu vinachanganywa na aina ya ukungu mzuri wa kuchachusha. Baadaye vinalowekwa katika maji ya chumvi kwa miezi mingi, kisha vinakamuliwa. Sisi tunaochachusha mihogo tunaielewa kazi hiyo: wakati ndio unaoleta ladha.

Kuna nyingine inatengenezwa haraka, kwa kuvunja soja kwa asidi katika siku chache, halafu inatiwa rangi na sukari. Hiyo mara nyingi ni ya bei nafuu, na harufu yake si ile.

Kumbe ngano imo ndani. Ndiyo sababu mtu asiyeruhusiwa ngano hawezi kutumia sosi ya kawaida. Ile ya "sans gluten" inatengenezwa kwa soja peke yake, au kwa soja na mchele. Katika chupa nyingine utasoma neno "tamari": ni aina ya Japani ambayo kwa kawaida ina ngano kidogo sana au haina kabisa. Lakini neno hilo peke yake halitoshi. Tafuta pia "sans gluten" kwenye etiketi.

"Sans gluten" inamhusu nani

Gluten ni kitu kilichomo katika ngano, katika shayiri na katika seigle, nafaka ya Ulaya iliyo jamaa yao. Ndiyo inayofanya donge la mandazi livutike. Kwa watu wengi haina ubaya wowote. Lakini kuna ugonjwa unaoitwa maladie cœliaque, ambamo mwili wa mtu ukipata gluten unajishambulia wenyewe ndani ya utumbo. Mtu anaharisha muda mrefu, anakonda, anakosa damu. Mtoto haongezeki kilo. Mtu huyo anapaswa kuacha ngano maisha yake yote, na hata sosi kidogo yenye ngano inamdhuru.

Dalili hizo zinafanana na utapiamlo, na minyoo, na magonjwa mengine mengi. Kwa hiyo tusijipime wenyewe nyumbani. Mtoto anayeharisha na kukonda apelekwe kwa muganga. Na usimkatie ngano kabla ya kupimwa, kwa sababu mtu aliyekwisha kuacha ngano kipimo kinaweza kumdanganya.

Kwa nyumba ambayo hakuna mgonjwa wa namna hiyo, neno "sans gluten" halileti faida ya kulipia. Halimaanishi chumvi kidogo, halimaanishi sukari kidogo, halimaanishi chakula cha afya zaidi. Ni alama kwa wale wanaoihitaji.

Na kwa wale wanaoihitaji, habari njema ni kwamba sahani yetu ya kila siku iko upande wao. Bugali la mihogo, la mahindi au la mtama, mchele, viazi, ndizi, maharage, sombe, lenga-lenga, samaki, mayai, karanga: vyote hivyo kwa asili havina gluten. Wajihadhari na mkate, mandazi, chapati, makaroni, biskuti, na bia ya shayiri. Wajihadhari pia na mashini ya kusagia: kama imesaga ngano asubuhi, unga wako wa mihogo unaofuata utachanganyika nayo. Nyumbani, sufuria na mwiko wake vioshwe vizuri kabla ya kumpikia.

"Chumvi imepunguzwa" si "chumvi haipo"

Hapa ndipo wengi wetu tunateleza. Kijiko kimoja cha supu cha sosi ya kawaida kina kama miligramu 900 za sodium. Sodium ndiyo ile sehemu ya chumvi inayopandisha tension. Ukitaka kujua ni chumvi kiasi gani, zidisha kwa 2.5. Basi miligramu 900 ni zaidi ya gramu 2 za chumvi: karibu nusu ya kipimo cha siku nzima, katika kijiko kimoja!

Ile iliyopunguzwa ina kama miligramu 500 hadi 600 kwa kijiko hicho hicho, yaani kama gramu 1 na nusu ya chumvi. Imepungua kweli, lakini bado ni kitu cha chumvi. Katika sheria za Ulaya, kiwanda kinaruhusiwa kuandika kwamba chumvi imepunguzwa ikiwa imeshuka kwa asilimia 25 tu ukilinganisha na sosi za namna hiyo. Mama anayesoma "réduite" halafu anamimina mara mbili zaidi, amekula chumvi nyingi kuliko yule aliyetumia ya kawaida kwa kipimo.

Kwa hiyo ukishika chupa dukani, soma etiketi hivi:

Kwanza, tafuta neno "sel" au "sodium", na uangalie ni kwa kiasi gani: kwa mililita 100 au kwa kijiko. Linganisha chupa mbili kwa kiasi kilekile.

Pili, tafuta "blé". Hiyo ni ngano. Mara nyingi wanaiandika kwa herufi nzito.

Tatu, tafuta "chlorure de potassium". Viwanda vingine vinaitia ili kuchukua nafasi ya chumvi. Kwa mtu mzima mwenye afya si shida, lakini mgonjwa wa figo, au anayemeza dawa fulani za tension, inaweza kumletea hatari ya moyo. Huyo amwulize muganga kwanza.

Nne, angalia tarehe. Na kama sosi imegawanywa katika chupa ya maji bila etiketi, hakuna namna ya kujua kilichomo. Mtu wa tension au wa gluten asiinunue.

Tuhesabu sufuria moja

Maneno mengi hayafai kama hatujahesabu. Tuchukue sufuria ya mboga kwa watu 6. Mama ametia cube 2 kubwa za gramu 10 kila moja, na kijiko kidogo kimoja cha chumvi. Katika cube za namna hiyo, kama nusu ya uzito, au hata zaidi, ni chumvi. Basi cube 2 zimeleta gramu 10, kijiko kimeleta gramu 5. Jumla gramu 15. Kila mtu amepata gramu 2 na nusu katika mlo mmoja: nusu ya siku yake.

Mama wa pili amesikia habari ya sosi nzuri. Ametia yote yale yale, halafu ameongeza vijiko viwili vya supu vya sosi iliyopunguzwa. Ameongeza kama gramu 3. Jumla 18, kila mtu gramu 3. Amelipa zaidi, na tension ya bwana wake haijapata msaada wowote.

Mama wa tatu ameacha cube zote mbili. Ametia vijiko viwili vya supu vya sosi iliyopunguzwa, gramu 3, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, gramu 2 na nusu. Jumla gramu 5 na nusu. Kila mtu amepata chini ya gramu 1. Sufuria ni ileile, watu ni walewale, ila mkono umebadilika.

Ulimi utalalamika mwanzoni. Usipunguze yote kwa siku moja, maana nyumba itakataa chakula. Wiki ya kwanza toa cube moja. Wiki ya pili toa ya pili. Baada ya wiki chache ulimi unazoea, na chakula cha zamani kitaonekana chenyewe kuwa cha chumvi mno.

Namna ya kuipika

Sosi ya soja usiipike muda mrefu. Itie mwishoni, dakika 2 au 3 kabla ya kuepua. Harufu inabaki, na ladha inasikika hata ikiwa ni kidogo. Pima kwa kijiko, usimimine moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Na usiiweke mezani: chupa iliyo mezani kila mtu anaongeza bila kuonja.

Maharage. Loweka vikombe 2 vya maharage usiku kucha, mwaga maji, pika kwa maji mapya mpaka yalainike. Nyanya usizitie mapema, maana uchachu wake unachelewesha maharage kulainika, na makala yanaisha bure. Kaanga kitunguu kimoja kikubwa, vitunguu saumu, seleri na karoti kwa mafuta kidogo. Tia nyanya 3 zilizokatwa, ziive vizuri mpaka zikauke maji. Changanya na maharage, acha yachemke dakika 10. Mwishoni tia kijiko kimoja na nusu cha supu cha sosi iliyopunguzwa. Onja kabla ya kufikiria chumvi.

Sambaza mbichi. Osha kilo moja ya sambaza, chuja maji. Kaanga kitunguu, tangawizi iliyopondwa na pilipili. Tia nyanya 2, halafu sambaza. Funika, moto mdogo, dakika 10, bila kukoroga sana zisivunjike. Kamulia nusu ya ndimu na utie kijiko kimoja cha supu cha sosi. Uchachu wa ndimu unafanya ulimi usitafute chumvi.

Lenga-lenga. Chemsha kidogo, kamua maji. Kaanga kitunguu na vitunguu saumu, tia lenga-lenga, geuza dakika 5, maliza kwa kijiko kidogo cha sosi na karanga zilizosagwa.

Siku ya makayabu au samaki mwingine wa chumvi, sosi ibaki kwenye kabati. Loweka samaki usiku, ukibadilisha maji mara kadhaa, na usitie chumvi nyingine kwenye sufuria hiyo.

Chumvi kidogo, lakini yenye iode

Kuna jambo moja tusilisahau katika nchi yetu. Katika miaka ya 1960 waganga walifanya utafiti kwenye kisiwa cha Idjwi, katikati ya ziwa Kivu, kwa sababu watu wengi huko walikuwa na uvimbe wa shingo, goitre. Mwili ulikuwa umekosa iode, na mihogo isiyoandaliwa vizuri ilizidisha shida hiyo. Mama anayekosa iode akiwa na mimba anaweza kuzaa mtoto ambaye akili na masikio yake hayatakomaa vizuri. Ndiyo sababu chumvi ya sokoni inatiwa iode.

Sosi ya soja mara nyingi inatengenezwa kwa chumvi isiyo na iode. Basi usiondoe chumvi yote ya jikoni na kubaki na sosi peke yake. Ile chumvi ndogo unayoibakiza iwe yenye iode, katika chombo kilichofunikwa, mbali na jua na unyevu, na uitie karibu na mwisho wa kupika.

Watoto: sosi ya soja si soja

Hapa tunaomba kila mama asikilize. Tumefundishwa miaka mingi kwamba soja inajenga mtoto, na ni kweli. Zaidi ya theluthi moja ya uzito wa punje ya soja kavu ni protini, na uji wenye unga wa soja umewasaidia watoto wengi wa Kivu. Lakini sosi ya soja si uji wa soja. Inatiwa kijiko kimoja tu, na kijiko hicho kinaleta chumvi na ladha; nguvu ya kumjenga mtoto haimo. Mama asimtilie mtoto sosi kwenye uji akidhani anamlisha soja.

Mtoto wa chini ya miezi 6 anatosheka na ziwa la mama. Baada ya hapo, mpaka atimize mwaka mmoja, chakula chake hakihitaji chumvi ya kuongezwa wala sosi wala cube. Figo zake bado ni changa. Mtolee sehemu yake kwenye sufuria kabla hujatia sosi. Na mtoto ambaye soja inamvimbisha au inamwotesha vipele asipewe kabisa, maana hata chupa ya "sans gluten" ni soja.

Kama pesa ya chupa haipo

Hakuna mama anayepaswa kujiona amekosa kwa sababu hana chupa hiyo. Ile ladha nzito inayopendwa katika sosi ya soja imo pia katika nyanya zilizoiva sana, katika uyoga uliokaushwa na katika samaki wadogo waliokaushwa. Tengeneza unga wa ladha wa nyumbani: ndakala au sambaza kavu zisizotiwa chumvi, vitunguu saumu, seleri na kitunguu vilivyokatwa vyembamba na kukaushwa juani chini ya kitambaa safi. Vikikauka kabisa, twanga, chekecha, weka katika chupa kavu. Kijiko kidogo kimoja au viwili kwa sufuria, bila cube. Unga huo kwa asili hauna ngano.

Wanaotaka chupa wanaweza kuungana wawili au watatu wa AVEC moja na kugawana gharama. Chagueni chupa ndogo. Chumvi ndiyo inayolinda sosi isiharibike. Iliyopunguzwa chumvi inataka frigo ikishafunguliwa. Pasipo frigo, au umeme ukikatika kila siku, funga vizuri, weka mahali pa baridi pasipo jua, na uimalize upesi. Ikibadilika harufu au ikiota ukungu, itupwe.

Kazi ya wiki hii kwa vikundi

Katika mkutano ujao, kila mama alete kijiko anachotumia jikoni, na mmoja alete pakiti ya cube na chupa ya sosi kama anayo. Someni etiketi pamoja. Anayejua Kifaransa awasomee wengine. Wekeni kwenye sahani chumvi mnayotia katika sufuria ya siku moja, pamoja na cube zake, halafu mgawe kwa idadi ya watu wa nyumba. Mwiteni muuguzi wa kituo cha afya aje na mashini ya tension, apime kila aliyefika, na waliopatikana nayo wafuatwe na kikundi wasiachwe peke yao.

Tuandikieni mlichokiona. Mapishi yenu yenye chumvi kidogo tutayapokea kwa furaha katika majuma yanayokuja.